Sahani Nane

Nimeipima kwa uzi wa kushonea magunia,
ukingo hadi ukingo, nikafunga fundo.
Ilipokuwa mpya ilikuwa inchi ishirini na mbili.
Leo fundo limeishia kumi na nane.
Inchi nne umezipeleka wapi, Cheju?
Umeziramba msimu kwa msimu,
kama mbuzi na jiwe la chumvi.

Mwanakwerekwe, dukani kwa Suwedi Mcha,
sahani za haro zimeegemezwa ukutani
kama sinia zinazongoja harusi.
"Za duara au za meno?"
Sikujibu. Nilianza na mabua.

Tangu ije mashine ya kuvunia
hakuna anayeinama na kisu.
Mashine hukata juu, huacha mabua ya magotini,
na nyuma yake hutapika majani,
mkeka juu ya mkeka juu ya mkeka.
Mwaka juzi Kombo Vuai alitia kiberiti.
Moto uliruka mfereji,
ukala migomba ya Bi Mgeni, na banda la kuku.
Kamati ikakaa, ikasema: hatuchomi tena,
yaingie chini, yaoze, yalishe ardhi.

Kusema ni mdomo. Kukata ni chuma.

Sahani ya duara iliyochoka haikati bua:
hulikunja, hulisukuma udongoni likiwa zima,
na asubuhi limeshainuka, linakutazama.
Mpunga ukapandwa juu ya majani hayo,
mzizi ukashuka kutafuta ardhi
ukakuta hewa.

Suwedi akanipa yenye meno.
"Hii hushika kwanza, ndipo ikate.
Ile nyengine huteleza, kama mkwe asiyetaka kujibu."
Nikahesabu mapengo: kumi.
Kulikuwa na ya milimita nne, bei ya kuvutia,
na ya milimita sita, bei ya kunyamazisha.
Nikazigonga zote mbili kwa ufunguo.
Nyembamba ililia kwa furaha,
kama mtu asiyejua kazi inayomngoja.
Nene ilijibu kutoka kifuani.

Mfukoni nilikuwa na kigingi cha mpera
nilichokichonga kwa tundu la sahani kuukuu,
mraba, pembe nne kamili.
Nikakitia. Kikaingia. Nikajaribu kukizungusha,
kikagoma.
Hapo ndipo nilipocheka, na Suwedi akacheka,
kila mtu kwa sababu yake.

Nikampigia Mize, mshika fedha.
Nikasikia kurasa za daftari, kisha pumzi.
"Za nane tu. Na nauli upande gari la mkaa."
Haro yetu ina kumi na sita.

"Basi tia nne mbele, nne nyuma," akasema Suwedi,
"kila upande upate riziki yake."
Nikamwambia: umewahi kubeba jeneza
na watu wasiolingana vimo?
Mfupi hunyoosha mkono, hugusa ubao,
watu humwona amebeba,
na uzito wote umo mabegani mwa warefu.
Mhimili mmoja, kimo kimoja.
Nane zote mbele, zikate.
Kuukuu nyuma, zifukie.

Jumatatu, Ame akakaza nati hadi uso ukamvimba,
akashuka nazo bondeni.
Zilisikika toka barabarani: krap, krap,
kama mzee mwenye meno yake yote anatafuna muwa.
Sisemi kila bua lilikatika.
Kona ya magharibi, penye maji, zilizibwa na tope,
tukazikwangua kwa panga mpaka adhuhuri,
na Mize akauliza, mbele ya watu,
kama pesa zake ndizo zile zinazokwanguliwa.

Zile nane tulizozing'oa
saba zimo ghalani.
Moja nimeipitisha kamba kwenye tundu
nikaitundika kwenye mfenesi ulio kando ya tuta.
Hidaya huigonga kwa bolti akiamia ndege,
na ndege huruka, huzunguka, hurudi,
naye hugonga tena.

Juzi aliniuliza mbona ni ndogo hivi.
Nikamwonesha fundo kwenye uzi.
Inchi nne, nikamwambia, zimo humu humu bondeni,
hazikwenda pahala.
Akaitazama sahani yake ya wali wa jana
kama anayetafuta mfupa.
Huenda tumezila, akasema.